Nta ya Benjamin

Nyuki wa kwanza alitua juu ya shada Amne akiwa bado ameinama. Alikuwa analilaza kwenye udongo mbichi wa kaburi la mume wake, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Nyuki akatembea ukingoni mwa ua la njano, akaingiza kichwa katikati, akatoka, akaingia katika ua la pili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wazee, mguu wangu mbovu nimeunyoosha mbele, na nakumbuka kwamba kabla ya kuogopa nilifurahi. Moyo wangu ulisema: hata nyuki ameamini.

Maua yale yalikuwa ya karatasi.

Wakaja wengine, wakifuatana kama watu wanaoitana. Mvumo wao ukapanda juu ya sauti ya mchungaji, kama mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya shamba. Amne akarudi nyuma. Mtoto akapiga kelele, mama yake akamfunika kwa khanga. Nami nikajua nilichokuwa nimefanya, na nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba.

Hapa Misigiri kaburi huchimbwa na wanaume, shada husukwa na wanawake. Hakuna aliyeandika jambo hilo mahali popote, lakini hata mtoto anayetambaa analijua. Zamani msiba ukitokea, mimi na Benjamin tulikuwa wa kwanza kuitwa, kwa sababu tulikuwa watu wa machimbo ya Sekenke. Mtu aliyezoea kushusha duara, shimo refu la mchimbaji, kwenye mwamba, kuufuata mshipa wa dhahabu gizani, hawezi kushindwa na kaburi. Tulifika sululu zikiwa begani, na wanawake waliokaa njiani walitupisha. Sikujua wakati ule jinsi nilivyoipenda njia ile waliyotupa.

Kisha mwamba ukaniangukia gotini, na Benjamin akanibeba mgongoni hadi juu. Baada ya hapo msibani nilikaa na wazee ambao nilikuwa bado nawaamkia shikamoo. Wenzangu wakichimba, mimi nilisikia sululu zikigonga ardhi na kutazama mikono yangu.

Nilimwomba Mungu anipe kazi ya kufanya nikiwa nimekaa. Kazi zote za kukaa nilizozijua zilitaka mtu ajue kusoma, nami shule niliiacha kabla haijaniingia. Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, kwenye darasa la shule ya msingi, nikawa mwanamume peke yangu kati ya akina mama, magoti yangu yamekwama chini ya dawati la mtoto. Nikishika penseli, inavunjika. Nikishika nyingine, inatoboa daftari. Mwalimu Janeth, binti ambaye ningeweza kumzaa, alisimama kando yangu akatazama.

"Baba," alisema, "vidole vyako bado vimeshika nyundo."

Akanipa mkasi na ukurasa wa kalenda ya zamani. "Tukate kwanza. Kuandika kutakuja."

Darasani lilikuwa zoezi la vidole tu. Nyumbani halikuishia hapo. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa za karatasi, na zile za ndani, ukizikung'uta vizuri, ni laini na ngumu kwa wakati mmoja. Nilikata petali, nikazikunja ncha kwa kuziviringisha kwenye msumari. Maganda ya vitunguu nikayachemsha, yakanipa rangi ya njano iliyokolea kama alizeti ya mwezi wa tano. Bua la mtama likawa shina. Herufi zilinijia moja moja, kwa machozi. Maua yalikuja kama niliyozaliwa nayo, nami niliona haya kwa hilo zaidi kuliko nilivyoona haya kwa kutojua kusoma.

Jirani mmoja aliliona ua la kwanza juu ya meza, karibu na Biblia.

"Mama Peniel! Hili umejifunzia wapi?"

Raheli, mke wangu, alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Nimejaribu tu," akasema.

Ikaanza hivyo, kwa maneno mawili. Baada ya hapo likahitajika shada la mazishi, na lingine, kisha mapambo ya ndoa, kisha maua ya madhabahuni. Raheli alipokea sifa na mimi nilifunga mlango. Mchana kutwa nilikaa chumba cha ndani, karibu na dirisha, mabaki ya karatasi yamejaa miguuni. Watu wakauliza mbona baba Peniel haonekani, naye akajibu mguu unamsumbua. Jumapili moja mchungaji aliwaambia washarika wamshukuru Mungu kwa mikono ya mama Peniel. Nilimwona Raheli akiificha mikono hiyo ndani ya kitenge. Nikapiga magoti pale pale, nikaomba: Bwana, wewe unajua ni mikono ya nani, naomba ibaki siri yetu. Nilikuwa mtu wa maombi, nikamwomba Mungu anisaidie kudanganya, na sikuona ajabu.

Mtu mmoja tu alijua. Benjamin hakuwa mtu wa kupiga hodi. Aliusukuma mlango, akanikuta na petali mapajani, gundi ya unga kwenye ndevu.

"Stefano!" alisema. "Tunaambiwa unaumwa, kumbe umechanua!"

Akacheka mpaka akakohoa, maana vumbi la machimbo lilikwisha kumkaa kifuani. Nilidhani sasa habari itafika kila kijiwe. Lakini alikaa, akachukua ua moja, akaligeuza mkononi kama alivyozoea kugeuza jiwe kutafuta linapong'aa.

"Zuri," akasema. "Ila likinyeshewa hili, uji."

Kesho yake alirudi na bonge la nta. Alipoacha machimbo alitundika mizinga ya nyuki kwenye miti ya bondeni, na nta hakuwa na kazi nayo. Akanionyesha: yeyusha, chovya, kung'uta, acha ipoe. "Lakini uichemshe nje kwenye maji mengi, uichuje vizuri mpaka harufu ya asali iishe. La sivyo, wenyewe watakuja kuidai."

Hakumwambia mtu. Hata Amne hakumwambia. Kila alipopita dirishani alikohoa, akaita kwa sauti ya chini, "Mgonjwa, unaendeleaje?" nami nikajibu, "Nachanua." Ndio ulikuwa urafiki wetu wa miaka yake ya mwisho.

Alipofariki, Amne alimtuma mtu kwa Raheli: dada, naomba shada la baba watoto, tunazika kesho. Nilikata karatasi huku zikilowa machozi. Nilikuwa na bonge moja tu la nta, la mwisho alilonipa, bado na asali ndani ya vijumba vyake. Lilitaka moto mkubwa uani, sufuria ya maji, kitambaa cha kuchujia. Lakini ua wetu ulikuwa umejaa wanawake waliokuja kutwanga na kupepeta kwa ajili ya msiba. Wangeniona. Nikaliweka kwenye jiko la mkaa mle mle chumbani, nikaliyeyusha mara moja bila kulichuja, nikachovya. Chumba kizima kilinukia asali. Nilijiambia makaburini kuna upepo.

Upepo haukuwepo.

"Nani kaleta hili shada?" Huyo alikuwa Scola, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke ambaye hata mwenyekiti wa kitongoji humkwepa. "Mama Peniel! Umeweka nini humu?"

"Karatasi tu, wifi," Raheli alisema. "Karatasi na rangi."

"Karatasi inaita nyuki? Jamani, watu wazima mpo hapa, semeni. Mmewahi kuona karatasi inaita nyuki? Nyuki wa ndugu yangu! Juu ya kaburi lake!"

Mtu nyuma akatamka neno dawa. Hakulisema kwa nguvu. Neno kama hilo halihitaji nguvu. Linapita lenyewe toka kitenge hadi kitenge. Nikaona watu wakisogea, hatua hapa, hatua pale, mpaka Raheli akabaki amesimama peke yake kwenye uwazi, wanawake wakiwa wamempisha. Lakini hawakumpisha kama walivyotupisha sisi zamani.

Kwaya, ili kutuliza mambo, ikaanza wimbo.

Raheli alinitazama. Hakunikonyeza, hakunionyesha kwa kidole. Alinitazama tu, kama siku ile ya ua la kwanza, akinipa nafasi. Nami nikatazama mguu wangu. Mbele yangu wenzangu wa Sekenke walikuwa wameegemea mapauro yao, udongo wa Benjamin ukiwa bado kwenye buti zao. Leonard alikuwepo, ambaye tulishika naye kamba moja. Nikajiona ninavyosema neno "maua" mbele ya Leonard. Nikaomba. Niliomba upepo. Niliomba mvua, katikati ya kiangazi. Niliomba mchungaji aseme kitu. Mungu alinipa wimbo ule tu, ubeti baada ya ubeti, na mke wangu akasimama ndani yake.

Ulipoisha, nilijiinua kwa fimbo.

"Mama Peniel hajui kitu," nilisema. "Ninayetengeneza ni mimi."

"Unatengeneza nini?" Scola akauliza.

"Maua."

"Maua gani?"

"Haya. Yote. Hata ya madhabahuni."

Kimya kile nilikisikia masikioni kama shimo baada ya baruti. Kisha Leonard akasema polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa wa mwenzake, "Stefano… maua?" Na mahali fulani kati ya vijana kicheko kikaponyoka, kikazibwa kwa mkono, kikaponyoka tena. Walicheka, kaburini, na sikuweza kuwalaumu.

Nilisogea nikaokota shada. Sikuwa na moshi wala majani ya kupungia. Nililibeba kifuani, nyuki wakiwa juu yake, nikashuka nalo kuelekea vichakani, nikichechemea, fimbo ikizama kwenye udongo laini. Waliniuma mikononi, shavuni, kwenye mdomo. Sikwenda haraka kwa sababu mguu haukuniruhusu, na kijiji kizima kilipata nafasi ya kutosha kunitazama: mchimbaji wa Sekenke na shada lake. Nililitundika kwenye mti wa miiba, nikasimama kando. Kule kaburini sikuthubutu kurudi.

Amne ndiye aliyenifuata. Alisimama mbali kidogo na mti, akavuta pumzi.

"Ni nta yake?"

"Ndiyo, shemeji. Sikuichuja."

Akaitikia kwa kichwa. Akabaki pale kitambo, akinusa, macho ameyafumba. Kisha akarudi kwa watu wake.

Jioni Raheli alinitoa miiba ya nyuki, akikwangua kwa ukucha, mkono mmoja umeshika kidevu changu ili nisigeuke. Nilingoja aseme kitu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kujibu: kwamba nilisema, kwamba mwisho wake nilisema mbele ya wote.

"Walimaliza wimbo, Stefano," alisema.

Akachukua taa akaenda kuangalia ugali.

Tangu hapo nimejifunza kusoma. Nasoma somo la Jumapili zamu yangu ikifika, kidole chini ya mstari, na hakuna anayecheka. Mwalimu Janeth alilia siku ya kwanza. Lakini kila wimbo ule unapoimbwa kanisani mimi hufunga kitabu, hata sasa ninapoweza kuufuata neno kwa neno, kwa sababu najua una urefu gani. Raheli huimba. Huimba beti zote, akitazama mbele.

Vijana huniita fundi maua. Naitika. Mlango huuacha wazi nikifanya kazi, nilimwahidi Mungu hivyo, ingawa mpaka leo nikisikia viatu vya mwanamume uani, mkono wangu huuficha mkasi chini ya paja kabla sijaukataza.

Juzi viatu vilikuwa vya Leonard. Nilimsikia kabla sijamwona: kikohozi kile kile, cha Benjamin, kikipanda toka getini. Amekonda sana. Alikaa kwenye kigoda, akatazama petali zilizotandazwa kwenye mkeka zikikauka, akatazama kuta, akaniuliza habari za mguu. Nikamwuliza habari za kifua. Akaokota bua la mtama, akalirudisha mahali pake.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Shada la kwangu usilitie nta."

"Sawa."

"Sitaki mambo."

"Nimekuelewa. Unapenda rangi gani?"

Leonard alijipinda kwenye kigoda, akautazama mlango ulio wazi, akatazama uani huku na huku, mpaka akahakikisha hakuna mtu. Ndipo akaniinamia, karibu kabisa na sikio langu.

"Ya waridi," akasema.