Maji ya Kaburi la Sumaili

Mwavita alipotoka eda, hakwenda kwanza sokoni wala kutembelea watu. Alijaza kidumu maji ya kisima cha nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Alunguli, maji yaleyale aliyotawadhia marehemu mume wake, Sumaili, akashika njia ya Kitamba.

Kitamba ni kijiji cha kilimani. Zamani, kiangazi kikikausha ardhi na vumbi likijaa mji, sultani alihamia huko na wake zake, wapishi wake na wapiga ngoma wake, kufuata upepo. Babu wa Sumaili alikuwa mmoja wa wale wapishi, na wengi wao walizikwa hukohuko kilimani. Ndiyo maana Sumaili, alipoona ugonjwa haumwachi, alisema, "Munipeleke kwa babu. Na mimi nikapunge upepo." Alipofariki, wanaume wakampeleka kumzika huko. Mwavita akabaki ndani na nguo nyeupe, kwani mjane haendi makaburini. Kaburi hakuliona. Aliletewa maneno tu: Zuberi, shemeji yake, amepanda mti wa majani mekundu upande wa kichwa, kama ilivyo ada ya Kitamba, ambako kaburi halijengewi saruji, alama yake ni mti tu.

Jua lilikuwa limepanda alipofika. Nyumba ya sultani ilikuwa imebaki mawe ya msingi, na ngazi zilizopanda kwenda hewani. Mwavita akasimama chini yake. Upepo ulikuwepo kweli. Waliokuja kuupunga ndio hawakuwepo.

"Weee, Bibi Alunguli!" Zuberi, mlinzi wa mahali pale, alitoka kibandani akifunga kikoi. "Eda imeisha, ukaona unifuate? Wazee walisema kweli: shemeji njo bwana wa kesho."

"Bwana gani, muhogo wenyewe unatafuniwa? Nipeleke kwa ndugu yako."

Kicheko cha Zuberi kikakatika. Akatangulia nyuma ya ngazi, polepole. Mwavita alitazamia miti myekundu iliyotawanyika, kila mmoja na mtu wake. Akaona uwanja mtupu uliofagiwa, na kuuzunguka, ua wa miti ya majani mekundu iliyopangwa sawasawa kama askari.

"Wakubwa wa Chama walikuwa wanakuja," Zuberi alisema. "Ikatangazwa salongo, kazi ya lazima. Ukatakiwa uwanja wa kuwachezea wageni ngoma. Mimi nililala na homa. Vijana waliletwa toka mbali, mila yetu hawaijui. Waliona miti mizuri, wakaing'oa, wakapandia ua."

"Na wakubwa?"

"Hawakufika. Mvua. Gari lilikwama."

Mwavita akakihamisha kidumu mkono wa pili. "Sumaili iko wapi?"

Zuberi akatembea, akasimama, akaonyesha chini. "Njo hapa."

Mwavita hakuinama. Alikuwa anaitazama miguu ya Zuberi. Ikasogea kushoto, ikarudi, kama ya mtu anayetafuta pa kukaa msibani.

"Ao hapa," Zuberi akasema.

"Zuberi. Wewe njo ulimulaza. Usinidanganye, mimi ni mujane."

Zuberi akavua kofia. "Shemeji, sijui tena."

Mwavita alitaka kumwaga maji katikati ya uwanja, lakini mguu ukakataa: angemkanyaga nani? Basi akaufuata ua. Kila shina alilisomea Fatiha, akalimiminia maji ya kiganja kimoja. Wapishi, wapiga ngoma, wake za sultani, hakujua nani ni nani. Zuberi alimfuata nyuma akiitikia "Amina", na mara hii hakuwa na utani.

Maji yaliisha kabla ya ua kuisha. Ulikuwa umebaki mti mmoja pembeni, mfupi, majani yamechanika. Mwavita akakipindua kidumu. Hakikutoka kitu. Akayapangusa majani yale kwa kiganja chake, kilichokuwa bado na unyevu.

"Kama njo wewe, Sumaili," akamwambia, "unisamehe. Wageni walikuwa wengi."