Hali Iliyofichwa Ormara

Tangu walipoiacha Pasni asubuhi ile, Mahganj hakufunga mdomo. Alikaa kiti cha nyuma, sufuria ya samaki na wali kaikumbatia mapajani kama mtoto mchanga, akimtania shemeji yake kila gari lilipokanyaga shimo.

"Gahram, barabara imetiwa lami miaka yote hii na wewe bado unaendesha kama tumepanda ngamia."

"Ngamia angekuwa keshakutupa, shemeji, kwa maneno hayo."

"Angenitupa, lakini angechagua mahali penye kivuli. Wewe kivuli hukijui."

Gahram akacheka ndani ya ndevu zake nyeupe. Kulia kwao bahari ilikuwa imelala, kushoto vilima vya udongo mkavu vilivyochongwa na upepo hata vikafanana na magofu ya mji, na katikati utepe mweusi wa lami usio na mti wala nyumba. Abiria wengi husinzia kwenye njia hii kwa kuchoka macho. Mahganj hakusinzia. Alikuwa anakwenda Karachi kumuuguza Nodan, mwanawe wa pekee, aliyegongwa na pikipiki karibu na kiwanda cha barafu alikofanya kazi. Mguu tu, Pirbakhsh, kaka yake Mahganj, alisema kwenye simu juzi. Mguu tu, atapona.

"Nikifika nitamchapa kwanza," Mahganj alisema. "Halafu ndiyo nimlishe."

Mume wa Mahganj, marehemu, alikuwa binamu yake Gahram, na ndiyo maana Gahram hakutaka aende kwa basi. Kwa udereva wake alijivunia mambo mawili. La kwanza, gari lake halikuwahi kumlaza njiani. La pili, hakuwahi kutoa hali ya uongo. Watu wa Makrani, pwani hii yote, wakikutana, hata maji hayanywewi kabla mwenyeji hajauliza hali na msafiri hajaitoa yote: ametoka wapi, ameona nini, nani kaoa, nani kafa, mvua imenyesha wapi. Huanza kwa "kheri", hata kama nyumba imeungua, kisha mengine hufuata. Anayetoa hali hakatwi. Na mwenye kuipotosha ni sawa na mtu aliyetia chumvi kisimani. Vijana siku hizi walitoa hali nusunusu, jicho kwenye simu. Gahram aliwadharau.

Ormara alisimama kununua mafuta ya madumu, yale yanayoletwa kutoka Irani. Alimwacha Mahganj garini akavuka barabara, na hapo simu yake, iliyokuwa maiti tangu Pasni, ikapata uhai ikalia.

"Gahram, uko peke yako?" Alikuwa Pirbakhsh.

"Niko na muuza mafuta."

"Sogea pembeni."

Akasogea. Pirbakhsh alisema upesi, kama mtu anayetema kitu kichungu. Nodan alikuwa amefariki kabla ya alfajiri. Si mguu. Damu ilikuwa imejificha kichwani. Walikuwa naye kwenye ambulansi, wanakuja, wameshapita Uthal, na walitaka azikwe Pasni kabla ya alasiri.

"Inna lillahi," Gahram alisema.

"Sikiliza. Dada asijue. Moyo wake unaujua, na mahali penyewe ni jangwa, hakuna daktari. Akiisimamisha hii gari njiani, hatutamwondoa juu ya mwanawe mpaka jua lizame. Nenda naye mpaka hoteli ya Dosten, useme gari imeharibika. Sisi tukipita, geuza. Mwambie Nodan ameruhusiwa, karudi nyumbani. Akifika, wanawake watakuwepo wa kumshika."

"Barabara ni moja, Pirbakhsh. Unataka mtoto wake ampite huku yeye anakunywa chai?"

"Nataka afike mzima. Nipe neno lako."

Upepo ulipuliza mchanga juu ya viatu vya Gahram. Alimtazama Mahganj ng'ambo ya barabara, akifunika sufuria kwa ncha ya shela yake ili vumbi lisiingie.

"Nimekupa," akasema.

Akarudi na madumu mawili, akayamimina, akaingia garini. "Twende," akasema, akawasha.

Lilikuwa neno moja, na lilikuwa kosa. Mtu akienda hata kisimani akirudi huulizwa hali, na mwenye adabu hangoji kuulizwa. Angalau angesema mafuta yamepanda, au muuza mafuta anaumwa jino. Mahganj alimtazama kisogo kwa muda, kisha akageuza uso kwenye vilima, na tangu hapo hakutania tena. Gari lilikanyaga shimo, kimya. Likakanyaga jingine, kimya. Gahram akashukuru kwamba mama wa watu amechoka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ile ya kwenda kwa Dosten ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Hoteli ya Dosten ilikuwa chumba cha matofali na paa la makuti, vitanda vya kamba vya wasafiri, na upande mmoja pazia la mikeka ya ukindu ambako wanawake hukaa. Gahram akaegesha, akainua boneti, akainamia injini isiyo na ugonjwa.

"Nini?" Mahganj akauliza.

"Mkanda wa feni. Tutapumzika kidogo."

"Gari hii haijawahi kukohoa."

"Kila kitu kinazeeka, shemeji."

Hakubishana. Akashuka na sufuria yake akaenda nyuma ya pazia. Dosten, mtu mnene mwenye taulo begani, akaja akimfutia Gahram kitanda cha heshima.

"Karibu, Mzee Gahram. Toa hali."

Gahram akakaa. Mbele yake palikuwa na madereva wengine wawili na birika. "Kheri," akasema, "yote kheri. Nimetoka Pasni na shemeji yangu. Bahari chafu, samaki hawajaingia. Ormara mafuta yapo. Gari imesumbua kidogo." Akaivuta bilauri yake ya chai. "Hali ni yako."

Dosten akatoa yake, ya mbuzi waliopotea na mkwe asiyelipa mahari. Gahram hakusikia hata nusu. Aliishika bilauri ya chai kwa mikono miwili kama mtu anayehisi baridi, naye macho kayatupa mashariki, kule barabara inakotokea kwenye milima ya Buzi. Akiona gari jeupe, ataomba nini? Lipite upesi? Na yeye, siku ya hukumu ya mama huyu, atakaa upande gani?

Kilichotokea si gari jeupe. Lilikuwa lori la saruji, limepambwa vioo na maua ya rangi, na dereva wake Sabzal akaruka chini akiwa bado anaimba.

"Dosten, chai! Na isiwe yale maji uliyonipa juzi, nilidhani umeosha soksi!"

"Soksi zako ndizo zilizoipa rangi. Kaa, Sabzal. Toa hali."

Sabzal akakaa, akajifuta uso. "Kheri, yote kheri. Nimetoka Karachi na mzigo wa Turbat. Hub foleni. Kund Malir watalii wamejaa, wanapiga picha bahari kama itahama kesho. Mchanga umekula nusu ya lami, ukienda shika kushoto. Halafu pale Buzi nikakuta ambulansi imepasuka tairi. Nikawaazima jeki. Wako nyuma yangu. Wamebeba kijana wa Pasni, masikini, ana…"

"Nyamaza!"

Birika likabaki hewani mkononi mwa Dosten. Hakuna aliyewahi kumsikia Gahram akikata hali ya mtu, hata ya mtoto.

"Mzee Gahram," Dosten akasema polepole, "mtu anatoa hali."

"Hali hiyo ni yangu. Nimefika kabla yake, nami ni mkubwa kwake. Niliyokupa ilikuwa na shimo. Naitoa upya."

Sabzal alimtazama, akatazama pazia, na kicheko kikamfutika usoni. "Chukua, mzee wangu."

Gahram akasimama, akaelekea lile pazia la ukindu.

"Kheri," akasema, akasogea mpaka kwenye mikeka. Akalirudia, kwa sauti zaidi. "Kheri. Nimetoka Pasni na mke wa marehemu ndugu yangu. Ormara simu ililia. Pirbakhsh alisema Nodan, mwana wa Mahganj, amefariki kabla ya alfajiri, kwa damu ya kichwani. Alisema nikuweke hapa wakupite na mwanao, usijue. Nami nikampa neno. Mkanda wa feni ni mzima. Ambulansi aliyoitaja Sabzal ndiyo hiyo. Hali yangu imekwisha, shemeji. Hali ni yako."

Upepo ulitikisa ukindu. Wanaume wote waliinamisha vichwa.

"Kheri," sauti ya Mahganj ikatoka, kavu. "Mimi sikwenda mahali. Nilikaa nyuma ya gari. Nilimwona mtu akirudi na madumu, hana hali."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningeuliza, ungejibu."

Gahram akarudi kwenye gari lake. Akafunga boneti, akaliwasha mara moja, likaitika kama kawaida yake, akalipeleka barabarani na kulilaza kukingama lami yote, ambulansi isipite. Dosten alileta maji kwenye kopo na kuyaweka karibu na pazia.

Ambulansi ilipofika, Pirbakhsh aliteremka kabla haijasimama vizuri, macho mekundu, shati limejaa vumbi la tairi.

"Gahram! Ulinipa neno!"

"Nilikupa. Nimelivunja."

"Mtu mzima kama wewe…"

"Pirbakhsh," Mahganj akasema. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia, amesimama juani, shela imemfunika mpaka kidevuni. "Umetoka safari. Toa hali."

"Dada, tafadhali. Jua kali, mazishi…"

"Hujanywa maji bado. Toa hali. Anzia pikipiki, na usiruke kitu."

Pirbakhsh aliwatazama wanaume mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia. Akachuchumaa ukingoni mwa lami, akasema kheri, akaanza. Alisema pikipiki, hospitali, daktari aliyesema mguu tu, usiku ambao Nodan alianza kutapika. Mahganj hakumkata hata mara moja.

"Mwisho aliuliza kama umeshaondoka Pasni," Pirbakhsh akasema. "Nikamwambia uko njiani."

"Saa ile nilikuwa nimelala."

"Najua, dada."

Hapo ndipo Mahganj alipopiga hatua kwenda kwenye ambulansi. Pirbakhsh na Gahram walimshika, kila mmoja mkono wake, bila kutazamana, wakampandisha nyuma ya ambulansi. Hakupiga yowe. Aliweka kiganja juu ya ile shuka, mahali palipo na kifua, na mlango ukafungwa.

Gahram alimnyooshea Pirbakhsh mkono wa makiwa. Pirbakhsh aliutazama, akapanda mbele, wakaondoka.

Dosten akaileta sufuria iliyosahauliwa nyuma ya pazia, akaiweka kiti cha nyuma, na Gahram akageuza gari kuwafuata. Kwenye kioo aliliona lori la Sabzal likija nyuma yake, nalo lilikuwa linakwenda mbali, na kila hoteli hadi Turbat ingetaka hali. Wangeambiwa kwamba Gahram wa Pasni alificha, kisha akamkata mtu, kisha akavunja neno. Yote yangekuwa kweli.

Karibu na Ormara alikanyaga shimo, lile lile la asubuhi. Akapunguza mwendo, akangoja kusemwa. Kwenye kiti cha nyuma kifuniko cha sufuria kiligonga mara moja, kikatulia.