Wimbo wa Kikoi

Kwetu kilimani, mbele kidogo ya Kiuyu, mtu anaweza kuiba kuku na watu wakasahau. Anaweza kumwacha mke, akamrejea, akamwacha tena, na kwenye karamu akakaribishwa sinia kama kawaida. Lakini ukimkimbia ng'ombe uwanjani mbele ya wanawake, umekwisha. Utaimbwa. Mimi nimeimbwa miaka ishirini na miwili.

Wimbo wenyewe mfupi, na ufupi huo ndio ulioniponza, maana hata mwenye kichwa kibovu anaushika:

Vuai katoka mbio, kikoi katelekeza,
Ng'ombe sasa ndiye bwana, amekivaa, acheza.

Aliutunga Bi Mize, mwimbishaji wa wanawake wa kilima chetu, na aliutunga pale pale, vumbi halijatulia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mcheza ng'ombe mwenye maringo, nakwenda uwanjani nimejitia mafuta ya nazi mpaka kwenye nyusi. Ng'ombe aliponijia nikaitupa ile shuka nyeupe tunayompungia, nikageuka. Pembe ikanasa kikoi changu. Mimi nikaingia banda la wanawake nikiwa na nguo ya ndani tu, nikajificha nyuma ya sufuria la pilau. Sikatai, ndivyo ilivyokuwa. Lakini kosa la dakika moja kumla mtu miaka ishirini na miwili, hiyo nayo ni haki? Nimeimbwa harusini, nimeimbwa kwenye uchumaji wa karafuu mimi nikiwa juu ya mkarafuu, nimeimbwa sokoni Wete na watu ambao hata sura yangu hawaijui. Nimegombana na nusu ya kijiji. Haikusaidia. Ukimkasirikia mwimbaji, anapandisha sauti.

Mwaka huu, karafuu za mwanzo zilipokwisha kuanikwa na kamati ikatangaza kwamba mchezo wa ng'ombe utakuwepo kabla ya mvua za vuli, binti yangu Ruweida alikuja kunitafuta shambani. Ana miaka ishirini na minne, anasomesha skuli ya maandalizi, na tangu ana miaka saba alikuwa akikaa miguuni pa Bi Mize kujifunza nyimbo. Nyimbo zote anazijua. Ule wa baba yake sijapata kumsikia akiuimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa ntu. Bi Mize macho yake yamekwisha kabisa. Kasema mwaka huu niongoze miye."

Nikaliachia jembe. Nilitaka kucheka kwa furaha, nikamwona uso wake haukukaa kifuraha.

"Wimbo wako ni wa tatu kuimbwa, baba," akasema. "Nyimbo za zamani haziachwi hata moja. Nikiuruka, watasema nambeba baba yangu, na haki yao. Basi nshaamua. Nitawambia wamtafute ntu mwengine."

Mimi nilikuwa nimeshazoea kuimbwa, kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini mtoto huyu kuacha kitu alichokitaka maisha yake yote kwa sababu mimi nilijificha nyuma ya sufuria! Hapana. Hapana kabisa.

"Huachi," nikamwambia. "Na huuruki. Utauimba, na miye nitakuwa ndani ya uwanja."

Akanitazama kama aliyeona jini. Alijua ninasema nini. Kwetu kuna kanuni, na kanuni hiyo haina ofisi wala muhuri: wimbo wa uwanjani hutolewa uwanjani. Aliyeimbwa anarudi kwa ng'ombe. Akiingia, wanawake wanamwimbia wimbo wake ule ule, tena na tena, na yeye lazima amkabili ng'ombe mara tatu bila kutoka. Akikimbia, basi. Akibaki, mtunzi wa wimbo anainua mkono, na wimbo unakatwa hapo hapo, kwenye neno ulilofikia. Haumaliziwi, wala hauimbwi tena. Katika umri wangu nimewaona wawili waliojaribu. Mmoja alitungiwa wimbo wa pili.

Nikaenda kwa Othman, mwenye ng'ombe wa mwaka huu, kumwambia aniandike. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alicheka mpaka panga likamponyoka.

"Yakhe Vuai, umri huo! Tingatinga huyu si ng'ombe wa wazee."

"Sikuja kutafuta mchumba. Niandike."

"Ana pembe kama mkono wangu, yule."

"Nimeziona. Niandike, Othman, au nikae hapa mpaka Magharibi."

Akaniandika. Tingatinga alikuwa kwenye kivuli nyuma ya nyumba, mweusi, shingo nene, anatafuna bila haraka. Nilimsalimia. Hakuitika.

Mke wangu Saada nilimwambia usiku ule wakati wa kula, na yeye kwanza akamaliza muhogo wake. Nilimuogopa zaidi ya Tingatinga.

"Ukivunjika kiuno," akasema, "nani atapanda mikarafuu?"

"Sitavunjika."

"Nani atakupeleka chooni?"

"Saada."

Akanawa mikono. Asubuhi nilimkuta uani amefunga vipini viwili vya majembe mbele ya toroli, vimechomoza kama pembe, na ndani ya toroli ametia mawe. "Simama pale," akaniamuru. Nikasimama. Akalisukuma toroli lile akinijia kwenye mteremko kwa kasi ambayo sikujua mwanamke wa miaka arubaini na sita anayo. Nikaruka pembeni.

"Umekimbia!" akapiga kelele. "Huo si mchezo, huo ni woga! Geuza kiuno, miguu ibaki!"

Siku kumi na nane tulifanya vile, alfajiri kabla ya shamba. Alinigonga goti, akanigonga paja, mara moja akaniangusha ndani ya tuta la viazi na hakuomba radhi. Majirani walikuwa wakisimama na mswaki mdomoni kututazama. Siku ya tisa nilimuuliza kwa nini amekazana kiasi hiki na mwanzo hakutaka.

Akafuta jasho kwa upindo wa kanga. "Weye unadhani wimbo ule unaimbiwa weye tu? Nikipita kisimani miye ndiye nke wa aliyeacha kikoi. Miaka ishirini na miwili nanyamaza. Haya, simama."

Nilisimama. Siku hiyo sikuruka hata mara moja.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili. Uwanja wetu uko katikati ya vilima viwili, na watu hukaa kwenye miteremko kama wamepangwa rafuni. Walikuja wa Kiuyu, wa Wete, hata gari moja la Msuka. Pweza wa kukaanga walikuwepo, kachori, ubuyu, madafu, na mzee mmoja wa zumari aliyekuwa akipuliza tangu saa mbili bila kuchoka mashavu. Wanawake walikuwa bandani mwao, kanga sare, ya njano yenye maua mekundu, na mbele yao Ruweida amesimama. Bi Mize walimketisha kwenye mkeka karibu na miguu yake, uso ameuelekeza uwanjani ingawa haoni.

Saada alinivalisha mwenyewe. Kwanza bukta ya mpira, ndefu mpaka magotini. Nikamwambia mchezaji wa heshima havai bukta ndani ya kikoi. Akasema mchezaji wa heshima hajifichi nyuma ya pilau. Nikavaa bukta.

Vijana watatu walicheza kabla yangu, na walicheza vizuri, lazima nikiri. Kisha mtangazaji wa kamati akalitaja jina langu, na vilima vyote viwili vikacheka. Si kicheko kibaya sana. Ni kile cha watu waliokuja kwa jambo fulani na sasa wameletewa. Niliingia na shuka nyeupe mkononi.

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amefunga midomo, na wanawake nyuma yake walikuwa wanamngoja yeye. Nikaona kwamba hawezi.

"Imba!" nikampigia kelele. "Imba, Ruweida! Tena kwa sauti!"

Akavuta pumzi, akaimba. Wallahi sijapata kusikia sauti nzuri vile. Vuai katoka mbio, kikoi katelekeza. Wanawake wakaupokea, vigoma vikaingia, na wenye kamba wakamwachia Tingatinga.

Mara ya kwanza alikuja moja kwa moja, kama toroli. Nikapunga shuka, nikageuza kiuno, miguu ikabaki. Upepo wake ulinipita tumboni. Watu wakapiga mayowe, na mimi nikajiona nimerudi kuwa na miaka ishirini na saba, na kujiona kule ndiko kulikotaka kuniua, kwa sababu nikaanza kuringa. Nikainua mkono kuwapungia watu wa Wete.

Mara ya pili sikuwa tayari. Bega la ng'ombe lilinipiga mbavuni nikasikia kitu kimelia ndani, nikaenda chini, shuka ikaruka huko. Nilipoinua kichwa, vumbi mdomoni, nikaona vilima vyote viwili vimesimama wima. Tingatinga alikuwa katikati ya uwanja. Kwenye pembe yake ya kulia kilikuwa kinaning'inia kikoi changu.

Jamani! Kikoi tena kwenye pembe ya ng'ombe, miaka ishirini na miwili baadaye! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na bandani wimbo ulikuwa umefika pale pale pake, ng'ombe sasa ndiye bwana, na wanawake walikuwa wakiuimba huku wakipiga vifijo. Ruweida alikuwa akiimba na machozi yanamtoka. Hakuacha hata neno.

Banda lilikuwa hatua kumi kutoka nilipoangukia. Sufuria la pilau lilikuwepo, nililiona. Miguu yangu iliijua njia yake.

Nikasimama. Sina shuka, sina kikoi, nina bukta ya buluu na mbavu zinazowaka. Nikamgeukia Tingatinga, nikajikuta nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, si kwa watu, si kwa Bi Mize, kwa ng'ombe yule tu.

"Nipe nguo yangu!" nikamwambia. "Nimekwambia nipe nguo yangu! Njoo!"

Nikamwendea mimi. Mchezaji hamwendei ng'ombe, ng'ombe ndiye anayekuja, kila mtu anajua hivyo, hata Tingatinga alijua, maana alisita kidogo. Kisha akainamisha kichwa akaja. Sikuwa na cha kumpungia. Nikangoja mpaka nikaona macho yake, mekundu pembeni, nikageuza kiuno. Miguu ikabaki. Pembe ilipopita nikanyoosha mkono, nikashika nguo, nikavuta. Ng'ombe akapita, kikoi kikabaki mkononi mwangu, kimechanika upande mmoja.

Kicheko kikakoma. Vigoma vikasita, lakini wanawake waliendelea kuimba, kwa sababu aliyeutunga wimbo hajainua mkono. Hawezi kuinua kwa kitu asichokiona. Bi Mize alimvuta Ruweida upindo wa kanga, na kwa kuwa nilikuwa karibu na banda nilisikia.

"Mbona watu kimya? Kakimbia?"

Wimbo ulibaki kwa wengine. Ruweida akainama.

"Hajakimbia, bibi."

"Nambie kweli, wala usimbebe baba yako. Yuko wapi?"

"Yupo pale pale uwanjani, bibi. Kakishika mkononi."

Nilimwona Bi Mize anakunja uso, kama anayetafuta kasoro katika jambo na haioni. Kisha akaunyanyua mkono wake mwembamba juu ya kichwa.

Wanawake walikuwa wamefika: ng'ombe sasa ndiye...

Wakakata. Uwanja mzima, vilima vyote viwili, wakalingojea neno lililobaki, na Ruweida akafunga mdomo wake. Halikuja.

Nikajifunga kikoi changu kiunoni, mafundo mawili, nikatoka uwanjani kwa miguu, polepole.