Mwandishi Asiyetaka Kutajwa

Elise Kabemba alitafuta waandishi wa kujitolea kwa muda mrefu na hakuwapata. Yeye na mwenzake Kabongo, aliyeishi Lubumbashi, walikuwa wameanzisha jarida la mtandaoni liitwalo Ubao Wazi, kwa ajili ya walimu wanaotumia programu huria shuleni: zile programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kumpa mwenzake. Siku za kazi Elise alikuwa karani katika ofisi ya malori ya shaba. Jumamosi alizunguka shule za Kolwezi, mji wake wa migodi, akiomba makala. Walimu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kama jarida linalipa. Akisema hapana, walimtakia kazi njema. Hakuwalaumu. Hata mshahara wa kazi waliyoajiriwa ulikuwa unachelewa.

Ndipo akasikia habari za Mwalimu Kapinga wa Musonoi, mtaa wa kando ya mgodi. Walisema alikuwa amefufua kompyuta chakavu zilizotupwa na kampuni moja, na watoto wake wanafanya mambo ya ajabu. Elise akapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, akaenda.

Darasa lilikuwa na vumbi jekundu hata juu ya ubao. Kapinga, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, alimpa kiti na kuendelea na somo. Elise akaona watoto hawakuwa wakitumia tu programu, walikuwa wakizitafsiri. Kila neno la kwenye skrini walilibadilisha kuwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Siku hiyo walibishana juu ya neno la kuhifadhi kazi.

"Hifadhi haiko neno yetu," alisema msichana mmoja. "Mama yangu anasema chunga. Chunga makuta ya soko, chunga mutoto."

"Basi tuandike chunga," Kapinga akasema, na mvulana aliyekuwa kwenye mashine akaandika.

Somo lilipokwisha Elise alimweleza shida yake. Kapinga alikubali upesi kuliko alivyotarajia.

"Nitaandika, mama Elise. Hii kazi mi naipenda. Lakini jina yangu usiweke."

"Kwa nini, mwalimu? Watu watataka kujua ni nani."

"Usiweke tu."

Elise alidhani ni aibu tu, na aibu hupita.

Makala ilipofika, aliisoma ofisini huku malori yakinguruma nje, kisha akairudia. Kapinga alieleza kila hatua kwa unyofu, pamoja na yale aliyoyaharibu, ili mwalimu mwingine asiyarudie. Elise alimtumia Kabongo makala hiyo. Kabongo alipiga simu siku ileile.

"Iko ya muzuri kuliko zetu zote," alisema. "Njo maana siwezi kukubali itoke bila jina. Elise, fikiri. Tunaambia batu: kamata programu, badilisha, gawa. Tunaomba kitu moja tu, jina ya mwenye kuitengeneza ibakie. Sasa sisi wenyewe tutoe makala haina mwenyewe?"

Elise aliona Kabongo ana haki. Akarudi Musonoi.

Safari hii Kapinga alimpeleka nyumbani. Mama yake, Mama Mbombo, alikuwa uani akichambua maharagwe, akaitikia salamu bila kuinua uso. Wawili wakakaa ndani. Elise alirudia maneno ya Kabongo. Kapinga alimwacha amalize.

"Wewe ni mtu wa wapi, mama Elise?"

"Wazazi wangu walitoka Manono, upande wetu huuhuu. Mimi nilizaliwa hapa Kolwezi."

"Mi pia nilizaliwa hapa. Kulekule chini, karibu na shimo ya mgodi. Baba yangu alikuwa karani. Alipenda herufi. Alipaka jina yetu juu ya mulango, na rangi ya buluu: Famille Tshilombo."

Elise alikwisha kujua linalofuata. Watu wa rika lake wote walilijua, ingawa kwao halikusemwa mezani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa mjini na wenyeji, hata wale waliozaliwa hapo na ambao babu zao waliletwa kufanya kazi migodini.

"Bale bavijana benye kutufukuza, bengine hawakutujua," Kapinga akasema. "Barabara yetu ilikuwa na manyumba ya kufanana. Walikuwa wanasoma milango. Walisoma ya kwetu, jina ya Kasai, wakaingia."

"Mlikwenda wapi?"

"Ku gare, na batu bote. Tulilala pale kungojea treni, mvua ikitunyeshea, sijui majuma ngapi. Mudogo wangu Muamba alishikwa na kuhara. Alikufa pale, mbele treni ifike. Baba alifia Kasai. Kule hatukujua mutu. Tukarudi, mi na mama." Alitazama mikono yake. "Baba yako alikuwa hapa wakati ule?"

"Alikuwa."

"Alifanya nini?"

"Sijui, mwalimu. Alikufa, na mimi sikuwahi kumwuliza."

Kapinga aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Huko mgodini baruti ikalipuka, vioo vya dirisha vikatetemeka, na hakuna aliyeshtuka.

Elise hakuomba tena jina. Aliichapisha makala bila jina, na chini yake akaandika tu kwamba mwandishi ni mwalimu wa Musonoi. Kabongo alisema kama ndivyo, naye jina lake liondolewe katika orodha ya wahariri. Elise akaliondoa, na akalia alipokuwa akiliondoa, maana jarida walilianzisha pamoja.

Makala ilisomwa kuliko zote. Walimu waliuliza maswali, Elise akayapeleka kwa Kapinga, akarudisha majibu. Kisha walimu wa Fungurume wakaandika kwamba wamepata kompyuta lakini zimewashinda. Je, huyo mwalimu angeweza kuja? Elise alitegemea jibu la hapana.

"Kama kuna batoto bananingojea, nitaenda," Kapinga akasema.

Walikwenda pamoja. Walimu walikuwa wamejaa darasani, wengine wamesimama mlangoni. Mzee mmoja mwenye miwani, aliyeongoza kikao, alisimama.

"Tunakupokea, mama. Makala yako tumeisoma. Ila hatukuona jina. Tukuite nani?"

Elise alifungua mdomo amjibie, amwokoe. Kapinga alimwekea mkono begani, akasimama.

"Naitwa Kapinga," alisema. "Kapinga Tshilombo."

Lilikuwa jina ambalo kila mtu katika chumba kile alijua linatoka wapi. Nyuma mtu akanong'ona neno, mwingine akamnyamazisha. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Kapinga," alisema hatimaye. "Karibu, mwalimu. Ulitoka mbali."

"Hapana, tata. Nilitoka Musonoi tu."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta ya kwanza, akaomba bisibisi ya kuifungulia. Walifanya kazi mpaka saa za kurudi.

Jumapili baada ya misa Kapinga alimweleza mama yake yaliyotokea Fungurume, Elise akiwepo. Alisema anaandika makala ya pili, na angependa iwe na jina. Mama Mbombo alisikiliza, vidole vikiendelea kuchambua mboga.

"Batu bangapi basoma?"

"Bengi, mama. Hata ba mbali."

"Na wewe mutoto wa Kabemba, jina likisomwa, watakuja nani hapa?"

Elise alitaka kusema hakuna, nyakati zimebadilika. Lakini hakuwa na haki ya kuahidi hilo. "Sijui, mama," akasema. "Lakini wakija, mimi nitakuja pia."

Mwanamke mzee alimtazama kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa muda. Kisha akamgeukia bintiye.

"Andika jina yako. Ile nilikupa mimi. Ya baba yako uache. Hiyo tuliisha kuilipa."

Makala ya pili ilitoka ikiwa na jina moja tu: Kapinga. Kabongo hakurudi katika jarida, lakini asubuhi ile alimtumia Elise ujumbe mfupi akionyesha kosa la tahajia katika aya ya tatu. Elise alilisahihisha, akamshukuru.

Wiki hiyohiyo aliandika upya tangazo la kutafuta waandishi. Palipodaiwa jina kamili aliandika kwamba mwandishi atajulikana kwa jina analolichagua mwenyewe, au asijulikane, na kwamba jarida halitamwuliza sababu. Wanne walijitokeza. Wawili hawakutaka kutajwa. Elise aliwapokea wote, akaanza kusoma.