Mguu wa Kaka

Chumba changu cha kurekodia kina dirisha moja, nalo nimeliziba kwa godoro. Uje asubuhi, uje mchana, humu ndani ni saa ile ile. Feni ipo, ila nikianza kurekodi naizima kwa sababu inanguruma, kwa hiyo watu hupiga muziki wakitoka jasho, tena mmoja mmoja. Zamani bendi nzima ilikaa chumba kimoja. Siku hizi mpiga ngoma anakuja Jumatatu, mpiga gitaa Jumatano, mwimbaji akipata ruhusa kazini, na mimi ndiye ninayewakutanisha kwenye kompyuta. Nimewahi kurekodi bendi ambayo watu wake hawajaonana hata siku moja.

Wiki ile nilikuwa na wimbo wa binti mmoja mshonaji. Alitaka ngoma zipigwe na baba yake na besi ipigwe na baba yake mdogo. Ndugu hao walipiga pamoja miaka ishirini na miwili, mpaka siku kaka mtu alipomwambia mdogo wake mbele ya bendi nzima, "Unachelewa. Bora besi ipigwe na kinanda." Mdogo akatia gitaa lake la besi kwenye mfuko akaondoka. Sasa ulikuwa mwaka wa saba hawasemezani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nikachukua langu, nikawapangia siku tofauti, sikuuliza zaidi.

Kaka alikuja Jumatatu. Alipiga vizuri, isipokuwa kila mwisho wa ubeti, kabla ya kiitikio, mguu wake unaokanyaga ngoma kubwa ulichelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni.

"Pale mguu umechelewa," aliniambia akijifuta shingo. "Ninyooshee."

Nikamnyooshea. Kwenye kioo cha kompyuta kila pigo huonekana kama kijilima, na kila kijilima kina mstari wake. Nilivisogeza kimoja kimoja mpaka vyote vikakaa mahali pake.

Alhamisi binti akamleta baba yake mdogo, ambaye watu wote, hata mkewe, walimwita Kobe.

"Fundi, nakuachia mzee wangu. Nikirudi nimkute mzima."

"Nenda kashone," Kobe akamwambia. "Mimi nilikuwa napiga besi wewe ukinyonya kidole."

"Na ulikuwa unachelewa, baba mdogo. Kidole kilikuwa kinaisha utamu hujafika."

Binti akaenda zake akicheka. Kobe akavaa hedifoni, akakaza nyuzi, tukaanza.

Mara ya kwanza alichelewa mwishoni mwa ubeti. Mara ya pili vivyo hivyo, palepale. Mara ya nne akavua hedifoni.

"Nani anapiga hizi ngoma?"

"Kaka yako."

"Hapana. Kaka yangu namjua. Huyu anatembea kama askari wa gwaride."

Nikamweleza kwamba nilikuwa nimezinyoosha. Hakukasirika. Aliuliza tu kama zile za mwanzo ninazo bado. Nikasema ninazo, nikamwekea.

Alisikiliza bila kugusa nyuzi. Ubeti ulipofika mwisho, mguu wa kaka yake ukasita, na vidole vya Kobe vikasogea vyenyewe.

"Ananisubiri," akasema, si kwangu.

Nikajifanya natafuta waya.

"Alisema nini kuhusu hapo?"

"Wapi?"

"Fundi. Mimi ni mtu mzima."

"Alisema mguu umechelewa," nikamjibu. "Alitaka ninyooshe."

Labda ningenyamaza. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado sijajua. Kobe alitikisa kichwa polepole.

"Basi mguu unanikumbuka, mwenyewe hataki."

Nikamwambia tunaweza kuzitumia ngoma za mwanzo. Binti hatakataa, na wimbo utanoga zaidi. Nilikuwa nasema kweli.

"Yeye atagundua," akasema. "Atasema Kobe kamvuta nyuma tena. Hapana, mpe mtu alichoomba." Akakaza uzi mmoja. "Ila niwekee ile ya mwanzo, mara moja tu. Usirekodi."

"Nisirekodi kabisa?"

"Kabisa. Na uwashe feni, nimelowa."

Nikawasha feni. Kobe akaupiga wimbo wote, dakika nne na kidogo, pamoja na kaka yake. Kila mwisho wa ubeti mguu ulisita, besi ikafika, wakaingia kwenye kiitikio kama watu wawili wanaoteremsha kabati ngazini bila kuambiana shika hapa. Mahali fulani aligeuza kichwa kushoto na kuinua nyusi, kama mtu anayemtania mwenzake. Kushoto kwake palikuwa na ukuta. Mimi nilikaa mikono mapajani. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilisikiliza muziki chumbani humu bila kuutafutia makosa.

Wimbo ukaisha, feni ikaendelea kunguruma.

"Haya, zima hiyo," akasema. "Niletee askari wako."

Tulirekodi mara sita nyingine. Alijitahidi sana, nilimwona akihesabu kwa midomo. Mara zote sita alichelewa palepale, na kila mara aliniambia samahani, kana kwamba amenikanyaga.

"Utaninyooshea," akasema akifunga mfuko wa gitaa.

"Nitakunyooshea."

Mlangoni akasimama. "Bado anakohoa?"

"Jumatatu hakukohoa."

"Vizuri," akasema, akatoka.

Nikavuta kiti karibu na kioo. Nikaenda mwisho wa ubeti wa kwanza, nikalishika pigo la Kobe, nikalisogeza kushoto kidogo mpaka likakaa kwenye mstari, sawasawa chini ya pigo la kaka yake. Kisha nikaenda ubeti wa pili.