Mfuko wa Bandia

Soko zima halikuwa na wa kumfikia Bibi Pindo kwa kompyuta. Kuwasha aliwashiwa, kuandika aliandikiwa, lakini kuzima, aa, hapo mkono ulikuwa wake mwenyewe: alichomoa waya.

Siku hiyo hakuthubutu kuchomoa. Saa sita ikigonga kabla hajakiombea upya kibanda chake cha ushonaji kwenye tovuti ya ofisi ya soko, angepewa mtu mwingine. Miaka ishirini na mitatu! Alibonyeza "Wasilisha". Kitufe kikamkodolea macho tu, kama mbuzi aliyesalimiwa.

"Ni kile kizuizi tulichoweka jana kwenye kompyuta, shangazi," alisema binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta. "Tovuti ina skripti mbili, vijiprogramu vya chinichini. Moja inatuma fomu, nyingine inachungulia unachotazama. Mchunguliaji tumemfungia nje, na kitufe hakisogei mpaka aseme yupo. Nimfungulie dakika moja?"

"Thubutu! Juzi nilitafuta meno ya bandia, mara moja tu. Nikamwonyesha mteja mishono ya harusi humu, kila gauni limezungukwa na matangazo ya meno yanayocheka. Bi harusi mzima ananiuliza, 'Bibi, haya nayo yanashonwa?' Abaki huko huko nje!"

"Kibanda kitaenda, shangazi."

"Kiende na mimi nikiwa ndani, tuone nani atanibeba." Akavuta kiti. "Hebu niambie. Kitufe kinataka asikike tu, au kinakagua na kazi yake?"

"Asikike tu."

"Basi mshonee mfuko wa bandia!"

Binti akaangua kicheko. Makoti ya Bibi Pindo yote yalikuwa na kifuniko cha mfuko kifuani, nyuma yake hakuna kitu. Mwenye koti anapendeza, mwizi anaambulia kitambaa.

Binti akaandika skripti ya mistari minne: ukiitwa jibu upo, usitazame, usikumbuke, usimwambie mtu. Akaiweka ndani ya kizuizi, ishike nafasi ya yule mchunguliaji. Ukurasa ukafunguka upya. Bibi akabonyeza kwa kidole chenye kastabini.

"Ombi limepokelewa."

"Wajinga wao," alisema Bibi.

Mchana karani wa soko akaleta kadi ya kibanda, uso umekunjamana.

"Bibi, nasikia mnaifungia tovuti yetu vizuizi. Vya nini? Ofisi haimchungulii mtu."

"Hata kidogo?"

"Haki ya Mungu. Hatujui mnatafuta nini wala mnasoma nini."

"Haya mwanangu, nimekuelewa. Gonga muhuri."

Karani akagonga. Roho ikamtulia, akaegemea cherehani, akawa mtu wa watu.

"Na ile dawa ya magoti, Bibi, imekusaidia?"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Binti akainua kichwa.

"Magoti yapi?" aliuliza shangazi yake, kwa upole kabisa. "Mbona hata huyu sijamwambia, niliiuliza kompyuta tu?"

Karani akaanza kupuliza wino wa muhuri uliokwisha kukauka.