Likizo ya Watu wa Karatasi

Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, shule zimefungwa na ukungu umekaa juu ya migomba mpaka saa nne, Nashilu alimkorogea mtoto wake gundi. Vijiko vitatu vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji ya bomba, moto mdogo. Gundi ilikataa kulainika, ikabaki na madonge. Basi akachukua magadi kidogo, yale yale anayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi, akayanyunyizia humo. Ikalainika. Akaipua na kuimimina kwenye kopo la siagi.

"Isije ikamwagika kwenye mkeka," alisema.

Mtoto ni Silantoi, wa darasa la pili, kitinda mimba wa nyumba hiyo iliyoko upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya barabara ya Namanga. Mwalimu wake, Mwalimu Mikaeli, alikuwa ametoa kazi ya likizo: kila mtoto atengeneze kwa karatasi mambo aliyoyaona na kuyafanya siku za likizo, ayabandike kwenye kurasa za boksi, alete kitabu chake shule zikifunguliwa. Asinunue kitu. Katika barua ya wazazi maneno hayo yalipigiwa mstari mara mbili, na wazazi walimshukuru kwa mstari wa pili.

Karatasi hazikuwa shida. Loishiye, baba wa nyumba, ni fundi wa kujenga, na kila jioni hurudi na mfuko mtupu wa saruji kwapani. Karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji ina rangi ya watu. Silantoi akakata humo baba, mama, dada yake Namnyaki wa miaka kumi na minne, bibi yao wanayemwita Koko, na yeye mwenyewe. Nguo aliwakatia kwenye kalenda ya mwaka jana. Meno aliyatoa kwenye daftari, maana alitaka wote wawe wanacheka.

Aliwakata wote na miguu iliyonyooka. Nashilu aliliona hilo. Namnyaki ana matege tangu alipoanza kusimama, na meno yake ni ya kahawia, ndiyo maana akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Koko naye shingo imekakamaa mwaka wa kumi sasa. Ukimwita hugeuka mzima mzima, kama mlango. Lakini mtoto akishika mkasi hukata anavyotaka.

"Mbona mimi umeninyoosha?" Namnyaki aliuliza, kiganja mdomoni.

"Mkasi ulienda wenyewe."

"Basi ukimaliza nipitishie na mimi."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kuvuna maharage. Wa pili ulikuwa wa mbuzi aliyezaa mapacha siku ile ya mvua ya mawe. Wa tatu, foleni ya bombani. Kila ukurasa ulikuwa na watu wake watano, wamekunjwa nyayo na kubandikwa wakasimama, na ukifungua kitabu walikuwa wanainuka pamoja kama waumini kanisani.

Alhamisi waliinuka vibaya. Magoti ya Silantoi wa karatasi kwenye ukurasa wa maharage yalikuwa yametazama nje, moja huku, moja kule. Meno yake yalikuwa ya rangi ya chai.

"Umekikalia kitabu?" Nashilu aliuliza.

"Sijakikalia."

Jumamosi walikuwa wamepinda wote, kurasa zote tatu. Namnyaki wa karatasi alipinda kuliko wengine, akawa kama koleo la moto. Upepo ulipoingia mlangoni vichwa vya karatasi viligeuka kutazama, isipokuwa cha Koko. Yeye aling'oa unyayo mmoja kwenye gundi, akageuka mzima.

Koko mwenyewe aliletewa kitabu kwenye kigoda chake. Akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. "Mmetupata," alisema. "Mimi hasa mmenipata. Hata bega hili."

Loishiye alisema ni saruji; mifuko ilinyeshewa. Akaenda kuoga.

Kule bombani Nashilu alimkuta jirani yake, Mama Lesian, na habari zilikuwa hizo hizo.

"Wa kwangu wamepinda mpaka punda."

"Punda naye?"

"Punda ndiye aliyeanza! Nimewafunga kwa kamba za mgomba wasianguke. Lesian analia, anasema atapewa sifuri."

"Atapewaje sifuri na hao ndio ninyi wenyewe?"

Mama Lesian akacheka, akafunga mdomo, akakinga ndoo yake. Maji yalikuwa safi, yanang'aa, hayana harufu. Yangekuwa na tope mtu angeyachuja.

Sasa, Nashilu ni muuza maziwa. Kila siku alfajiri hushuka mjini na vidumu viwili vya lita tano tano, huzunguka kwa wateja wake Elerai, na ikifika saa tano hupanda gari la kurudi. Wiki ya tatu ya likizo alishuka na Silantoi, akamwacha huko Elerai kwa mama yake mkubwa, Sabina, akae siku saba aone mji. Koko naye aliteremshwa siku mbili katikati, kupimwa shingo hospitali. Mtoto alikaa kwenye baraza ya Sabina akatengeneza ukurasa wa nne: Koko kwenye foleni ya hospitali, mama mkubwa akianika nguo, yeye mwenyewe akilamba barafu ya ukwaju. Karatasi ilikuwa ile ile ya saruji, kaja nayo kwenye mfuko. Unga wa ngano alipewa na mama yake kutoka nyumbani. Gundi alichemsha Sabina, kwa maji ya bomba lake. Magadi hakutia, hajui hata yanatiwaje.

Walipomrudisha mtoto nyumbani, Nashilu alifungua kitabu mezani. Ukurasa wa maharage, wamepinda. Wa mbuzi, wamepinda. Wa bombani ndio hawatazamiki. Ukurasa wa Elerai wakainuka watatu wamenyooka kama askari, meno meupe. Hata Koko. Nashilu alipopuliza kidogo, Koko wa Elerai aligeuza kichwa peke yake, akatazama upande wa dirisha.

Akangoja siku tano. Akangoja kumi. Ukurasa wa Elerai haukupinda.

Mzazi mwenye mtoto wa meno ya maziwa na asome hapa polepole. Karatasi ni ile ile, mkono ule ule, unga wa mfuko mmoja. Kilichobadilika ni maji na ile punje ya magadi. Nashilu aliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo haihitaji la nane.

Halafu akaviona vidumu vyake vimeegemea ukuta, vimeoshwa, vimepinduliwa vikauke. Miaka tisa amekuwa akishuka na maziwa na kupanda na vidumu vitupu. Silantoi alikuwa hajazaliwa. Namnyaki alikuwa na miaka mitano, na mifupa bado laini. Kila siku ya Mungu amepita mbele ya mabomba ya mjini ameshika vidumu viwili vitupu, akavipandisha mlimani vikiwa na hewa. Alikaa kwenye kigoda cha Koko akaitazama mikono yake. Kisha akainuka, akachukua kopo la magadi, akaenda kulimwaga nyuma ya zizi, mahali ambapo mbuzi hawafiki.

Kuanzia siku hiyo vidumu vilipanda vimejaa. Maji yalikuwa na harufu ya maziwa hata avioshe vipi. Lita kumi, nyumba ya watu watano, jua, na kupika. Siku ya kwanza yaliisha kabla ya magharibi. Siku ya pili Nashilu alisimama katikati ya jiko na kikombe, hajui aanzie kwa nani.

"Mpe Silantoi," alisema Namnyaki. Alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso. "Mimi gundi yangu imeshakauka."

"Usiseme hivyo."

"Sasa nisemeje, Yeyo?" Namnyaki alimwuliza mama yake. "Gusa." Akanyoosha mguu wake mmoja, kwa kadiri unavyonyooka.

Nashilu hakugusa. Alimimina maji kwenye kikombe cha Silantoi, na yaliyobaki akayafunika kwa sahani. Basi ikawa hivyo: maji ya Elerai ni ya Silantoi, ya kunywa na ya uji wake. Wengine waliendelea na ya bombani, na Namnyaki ndiye aliyekuwa akimpimia mdogo wake.

Shule zikafunguliwa mwezi wa saba. Siku ya maonyesho vitabu hamsini na viwili viliwekwa juu ya madawati, na kwenye hamsini na viwili vyote watu wa karatasi walisimama kwa matege. Mbwa walikuwa na matege. Kuna mtoto aliyemtengeneza mchungaji akibariki ndoa. Mchungaji, bwana na bibi harusi, wote vile vile. Wazazi walizunguka wakitafutana. "Huyu si Baba Lesian?" "Ndiye, tazama anavyotembea." Hakuna aliyeshangaa. Mwalimu Mikaeli alisema katika hotuba yake kwamba watoto wameonyesha uwezo mkubwa wa kuangalia mazingira.

Mgeni rasmi alitoka wilayani, Ndugu Reginald, mtu mzima mwenye koti zuri na sauti ya upole. Alitazama dawati moja moja. Alipofika kwa Silantoi, Nashilu alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Kazi nzuri ya mtoto."

"Nilikuwa na neno." Akafungua ukurasa wa bombani, kisha ukurasa wa Elerai. "Karatasi moja. Mkono mmoja. Unga mmoja. Maji ndiyo mbalimbali. Hawa ni maji yetu. Hawa ni maji ya kule chini."

Ndugu Reginald aliinama. Akawatazama watu wa huku, akawatazama watu wa kule, muda mrefu, mpaka aliyeshika mwavuli wake akabadilisha mkono. Kisha akatabasamu kwa huzuni, na Nashilu akaona: meno mawili ya mbele meupe pee, ya kuwekwa, na pembeni yake kila upande meno ya kahawia. Alikuwa mtoto wa mlima huu huu.

"Mama," alisema taratibu, "hili linajulikana. Lilipimwa mimi nikiwa darasa la nne. Walikuja na vichupa."

"Wakasemaje?"

"Kwamba maji yana madini yanayokula meno na mifupa. Liko kwenye mpango."

"Mpango wa lini?"

"Mpango upo, mama."

Akamwita Mwalimu Mikaeli pembeni. Vitabu vilikuwa vizuri, alisema, shule inastahili kwenda kushindana wilayani, ila kwa hali hii havitapendeza mbele ya wageni. Shida aliiona ni gundi. Hizi gundi za kukoroga nyumbani haziaminiki. Angefanya juu chini shule ipate gundi ya kiwandani.

Na ni mtu wa ahadi, tusimseme vibaya. Mwezi wa nane katoni mbili zilifika kwa pikipiki, makopo ishirini na manne, yamefungwa kwa lakiri. Watoto wakaandaa upya likizo zao. Watu wakasimama wamenyooka, meno ya daftari yakabaki meupe, na punda wa Lesian akawa na miguu minne inayolingana. Shule ilipata nafasi ya pili. Cheti kiko ofisini, kwenye kioo, na uji wa saa nne bado unapikwa nje ya dirisha la ofisi hiyo, kwa maji ya bomba lile lile. Nashilu alimkataza Silantoi kuunywa. Silantoi huunywa, kwa sababu njaa ya saa nne haina mama.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa meno mawili ya mbele ya Silantoi, yaliyong'oka wakati wa likizo, yalianza kuota. Nashilu alimpeleka mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo, akafuta jino kwa pembe ya khanga. Lilikuwa na mstari wa kahawia katikati, mwembamba, kama alama ya penseli. Akafuta tena.

Muuguzi wa zahanati aliangalia bila kuvaa miwani. Jino la ukubwani, alieleza, hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto yuko mchanga. Hili lilishapakwa rangi zamani, kabla halijatoka. "Endelea na maji ya mjini, labda miguu utaiwahi," alisema, akaita mwingine.

Nyumbani Nashilu alifungua kitabu cha kwanza, kile cha gundi ya unga, ambacho Koko hataki kitupwe. Ukurasa wa Elerai waliinuka watatu. Miguu ilikuwa bado imenyooka. Jino la Silantoi wa karatasi lilikuwa na mstari mmoja wa kahawia. Nashilu akakifunga kitabu, akakirudisha juu ya kabati.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu Mikaeli alitoa tena kazi ya likizo. Katika barua ya wazazi alipigia mstari mara mbili: watoto watumie gundi ya shule tu. Kila mtoto alirudi na kikopo chake. Silantoi alikiweka mezani, akakaa anakisoma herufi moja moja, wakati mama yake anaosha vidumu kwa ajili ya kesho.

"Yeyo, na hii gundi inanyweka?"

"Hainyweki," alisema Nashilu.

Akavipindua vidumu ukutani vikauke.